BSA ya Mzee Mshamu

Salale, 17 Januari 1993

Mdogo wangu Mwamvua,

Salamu nyingi zikufikie hapo Kibiti, wewe na cherehani yako na wote wanaokuzunguka. Sisi wa huku deltani tuna uzima wa kumshukuru Mungu. Mpunga umeota vizuri, ila nguruwe wameuona kabla yetu. Wifi yako Zawadi mguu unampa nafuu leo, kesho unamnyang'anya. Kupanda mtumbwi anaweza, kushuka ndiyo kazi. Kamba ni wengi mwaka huu, na wanunuzi ni wengi kuliko kamba, maana siku hizi kila kitu ruksa na kila mwenye sanduku la barafu ni tajiri.

Sasa nikueleze la maana. Miongoni mwa hao wanunuzi yuko Mwingereza mmoja, tunamwita Bwana Barafu. Ni mtu wa heshima, anakula wali kwa mkono na kuungua vidole kama sisi. Juzi katika mazungumzo nikamwambia kwamba marehemu baba yetu, Mzee Mshamu, tarishi wa boma, aliacha pikipiki ya Kiingereza aina ya BSA, aliyozawadiwa na Bwana Shauri mwenyewe, yule Mzungu wa boma, kwa utumishi mwema, mpya kabisa, ingali ndani ya sanduku lake. Mwamvua, yule mtu aliacha kutafuna. Kumbe kwao wako watu wazima, wenye akili zao, wanaozunguka dunia kutafuta pikipiki kuukuu, na yeye ni mmoja wao! Anasema kama ni halisi na haijachanganywa, anaitaka.

Hivyo nakuagiza, kwa kuwa iko uani kwako: ifute vumbi, usome namba iliyogongwa kwenye injini na ile iliyogongwa kwenye fremu, kisha uniandikie. Zikipatana, basi ndiyo yenyewe. Usimruhusu mtu kuigusa. Wewe mwenyewe usiiguse zaidi ya kuifuta. Na Shangazi Kijakazi usimwambie, unaujua mdomo wake.

Nitapata nini badala yake, hilo tutazungumza siku nyingine.

Barua hii anakuletea Miraji, dereva wa lori la boriti.

Kaka yako mkubwa,
Bushiri Mshamu


Kibiti, 9 Februari 1993

Kaka yangu Bushiri,

Shikamoo. Mpe pole wifi, na mwambie mguu aukande kwa maji ya chumvi, asiukande kwa maneno yako. Sisi huku tumevaa. Makoti ya Ulaya yamefika sokoni kwa marobota, na joto hili! Riziki yangu siku hizi ni kuyafumua. Koti la mtu mnene mmoja linatoa kaptula za shule za nyumba nzima, na vifungo vinabaki.

Agizo lako nimelitimiza. Kwanza ilibidi nimhamishe kuku aliyekuwa anaatamia juu ya kiti, akaondoka kwa matusi. Nikasugua kwa mafuta ya taa na majivu hadi chuma kikaonekana. Kwenye injini pamegongwa WM20 na tarakimu nyingine nyingi baada yake. Kwenye fremu, karibu na kiti, ipo namba nyingine kabisa. Nikadhani ni macho yangu, nikasugua tena, ikazidi kuwa nyingine.

Si hivyo tu. Giaboksi imeandikwa BURMAN. Sasa huyo Burman ni nani, na anafanya nini ndani ya BSA ya baba? Tangi limeandikwa BSA, ndiyo, ila kwa brashi, na mwandiko ni wa baba mwenyewe, ile S yake iliyolala kama mtu aliyeshiba. Pembeni ya herufi hizo kuna matundu ya skrubu za nembo iliyong'olewa. Na injini haikukaa moja kwa moja kwenye fremu. Imeshikiliwa na vipande viwili vya chuma kizito vilivyotobolewa kwa mkono. Tundu moja lilikosewa, likatobolewa lingine ubavuni mwake.

Kuigusa sijaigusa. Nimeifuta tu. Kabureta niliifungua nikaifuta ndani, plagi nikaichomoa nikaifuta, na cheni nikaitia mafuta ya cherehani ili vumbi lisirudi.

Shangazi sikumwambia. Ila ndiye aliyekuwa ameshika kopo la mafuta ya taa. Nilipomsomea habari za Bwana Shauri na sanduku, alicheka mpaka akaomba maji.

Mdogo wako,
Mwamvua


Salale, 20 Machi 1993

Mwamvua,

Salamu, na Ramadhani njema kwa yaliyobaki. Barua yako imenifikia ikiwa na harufu ya mafuta ya taa. Nimeielewa hata kabla ya kuifungua.

Umesoma vibaya. Sikulaumu, wewe ni fundi wa nguo. Chuma kikikaa miaka mingi namba hupotea na nyingine hujitokeza. Burman bila shaka ni jina la kijana wa kiwandani aliyeifunga. Wazungu huwapa mafundi wao heshima hizo. Na S ya baba isikusumbue. Rangi ilipauka, naye akaipitishia upya. Hata nyumba hupakwa chokaa, na haiwi ya mtu mwingine.

Bwana Barafu nimemwambia namba zinapatana. Kwa ujumla.

Kuna jambo lingine. Miraji anasema alipopita kwako alisikia mngurumo uani, akaona moshi, na baadaye akakukuta umekaa kwenye cherehani, uso una masizi hadi masikioni. Nakuuliza kama kaka. Na hayo ya Shangazi kucheka, anacheka nini? Yeye alikuwa wapi wakati baba anakabidhiwa ile pikipiki mbele ya boma, watu wamejipanga? Mimi nilikuwa mdogo lakini nakumbuka. Nakumbuka hata kofia ya Bwana Shauri.

Hapa Salale hakuna jipya. Ukisikia maneno ya watu kuhusu mlio fulani unaosikika mtoni asubuhi, usiyasikilize.

Kaka yako,
Bushiri


Kibiti, 2 Mei 1993

Kaka yangu,

Shikamoo. Barua yako ya Machi imefika wiki iliyopita, imelowa, na neno "moshi" limefutika lote, kwa hiyo sikuweza kulijibu. Mvua imekata barabara kila mahali. Shangazi mzima, kifua tu. Mke wa mwalimu wa madrasa amejifungua mtoto wa kike. Mitumba haina wateja, watu wako mashambani.

Mgeni wako amekuja. Hukunieleza kwamba angekuja, wala yeye hakujua kwamba hukunieleza, tukasalimiana kama watu waliokuwa wanangojeana. Aliacha gari lake kwenye lami ya zamani akatembea kwenye matope hadi hapa, suruali imekunjwa. Nikamfunulia turubai.

Alichuchumaa, akaanza kucheka. Hakikuwa kicheko cha dharau, kaka. Alikuwa kama mtoto aliyeletewa zawadi akakuta ndani zimo nyingine. Akawa anagusa na kutaja:

"Injini BSA, ya jeshi, ya vita. Fremu Matchless. Gurudumu la mbele na uma wake, Norton. Giaboksi Burman. Tangi Triumph." Halafu akalala chali kwenye matope kutazama nyuma. "Ariel! Gurudumu Ariel! Mama, huyu si BSA. Huyu mkutano."

"Mwambie si mkutano," Shangazi akasema kutoka jikoni. "Ni ukoo."

Hapo ndipo Shangazi alipokaa kwenye kibao na kueleza, na ninakuandikia kama alivyosema. Baba hakupewa pikipiki na mtu. Aliichoka baiskeli ya boma, akaanza kuokota. Fremu ilikuwa ya Bwana Shamba, aliyekutana na kiboko karibu na Utete. Kiboko alikwenda zake, Bwana Shamba akarudishwa kwao. Gurudumu la mbele lilitoka kwa padri mmoja aliyepita na kulewa jua. La nyuma alipewa kwenye kinu cha pamba, na humo humo akapata chuma cha kushikia injini. Injini yenyewe aliileta kutoka Dar es Salaam kwenye lori la chumvi, imefungwa kwenye mkeka kama maiti, na watu wa Bungu wakasimama kuitolea heshima. "Kila Mwingereza aliyeanguka kwenye barabara hii alimwachia baba yenu kitu," alisema Shangazi. "Miaka na miaka. Mama yenu alikuwa anaanika nguo kwenye lile gurudumu."

Nikamuuliza, "Sasa kwa nini aliandika BSA?"

"Kwa sababu injini ndiyo iliyokuwa inaongea."

"Na Bwana Shauri?"

"Alimpa kopo la rangi. Ile kijani iliyobaki baada ya kupaka milango ya boma. Alisema kitu chenye rangi tatu kinatisha punda."

Hivyo kofia unayoikumbuka, kaka, huenda ilikuwepo. Ila chini yake kulikuwa na kopo.

Bwana Barafu akaomba kuiwasha. Alipiga kiki, ikampiga yeye, akarukaruka uani ameshika goti. Mimi nilisimama pembeni tu. Nilimwonyesha kwa kidole kwamba kuna mkono mdogo kushoto kwenye usukani, wa kuuchelewesha moto, urudishwe nusu. Na mwingine wa kuinua valvu. Na kwamba kabureta ibonyezwe mpaka petroli idondoke, halafu kiki isukumwe taratibu hadi pale panapokuwa pazito, ndipo upige. Nilikuwa nabahatisha. Ikawaka. Ina mlio wa mtu mnene anayepanda ngazi bila haraka. Akaiendesha hadi njia panda na kurudi, na Shangazi akasema ule uso ni wa bwana harusi.

Alipozima ndipo alipotoa shauri lake. Huko kwao anayo fremu halisi ya BSA isiyo na injini. Anataka injini peke yake. Nikamuuliza, na hivi vingine? Akasema, bila ubaya wowote, "Vingine chuma tu."

Kaka, nilimpa chai. Sikujua la kufanya na mikono yangu.

Miraji anasema una mashine mpya ya boti, na kwamba Salale nzima imeacha kupiga makasia ili ikutazame ukipita. Nimemwambia amekosea, maana kaka angeniambia.

Mdogo wako,
Mwamvua


Salale, 30 Mei 1993

Mwamvua,

Salamu kwako na kwa Shangazi, ambaye naona amepata kazi ya kuandika historia.

Sitabishana. Baba alikuwa mtu wa siri, na mtu wa siri anaweza kupewa pikipiki na bado akaokota nyingine. Lakini tuyaache.

Mashine ya boti ninayo. Nimekabidhiwa na Bwana Barafu kwa majaribio, mpaka tutakapomalizana. Sikukuambia kwa sababu hukuuliza. Unajua hali yetu. Hapa kwenda dukani ni maji, kwenda zahanati ni maji, kwenda kuzika ni maji. Mwezi jana Zawadi alishikwa na homa, na kwa ile mashine tulifika kabla jua halijapanda, wakati zamani tungekuwa bado tunagombana na mkondo. Wewe ungekuwa mimi ungefanyaje? Pikipiki huku hata njia ya kuisukuma hakuna. Baba ametuachia kitu kimoja, na mimi ndiye mkubwa.

Nimefikiri, nikaona njia ya haki. Injini nitampa Bwana Barafu. Yaliyobaki yote yawe yako: fremu, magurudumu, tangi, taa, kiti. Ukiangalia kwa makini utaona wewe ndiye uliyepata fungu kubwa.

Nakuja mwenyewe baada ya Idi Kubwa, na spana zangu. Uwe umemwaga petroli iliyomo. Sijauliza petroli imefikaje humo, wala umejuaje mambo ya kuchelewesha moto, na sitauliza. Watu wa Bungu wanamzungumzia mwanamke mwenye ushungi na miwani ya kuchomelea, anayepita saa za asubuhi kwa kishindo. Nimesema simjui.

Kaka yako,
Bushiri


Kibiti, 8 Juni 1993

Kaka Bushiri,

Shikamoo. Nimeipata barua yako. Shangazi anakusalimu. Njoo.

Petroli sijaimwaga, ni ghali.

Mwamvua


Salale, 11 Julai 1993

Mwamvua,

Assalaam alaykum. Nimerudi salama. Zawadi anakushukuru kwa gauni, anasema limemkaa kama alizaliwa nalo. Mpunga tumeanza kuvuna, nguruwe walitubakishia. Shangazi mwambie dawa ya kifua niliyomwahidi ataleta Miraji.

Kuhusu safari ile nilidhani sitaandika neno. Lakini Zawadi ameniambia nisipoandika mimi ataandika yeye, na yeye ana tabia ya kuongeza.

Basi iandikwe kwamba ile mashine ya boti ilinizimikia kwenye mlango wa mto, maji yakiwa yanatoka, mimi peke yangu na spana zangu. Niliivuta kamba mpaka bega likakataa. Ngalawa zilinipita, na wote wale niliokuwa nikiwapita kwa kishindo walinisalimia kwa adabu kubwa mno. Nikasukuma kwa upondo hadi Nyamisati, matope kiunoni. Kufika, hakuna gari. Lori la Miraji lilikuwa limezama njiani na boriti zake, naye amekwenda kwa miguu hadi Bungu kutafuta basi la Kibiti. Nikakaa juu ya rundo la boriti, nimelowa, nina njaa, nikingoja chochote chenye magurudumu.

Nikasikia ule mlio. Nitasema kweli: niliujua kabla sijauona. Nilisimama bila kujiambia nisimame.

Ukatokea umevaa lile koti la Mzungu mnene, ambalo naona hukulifumua, suruali chini ya gauni, ushungi na ile miwani. Watu wote wa bandarini wakaacha kupakia. Nawe hukusema shikamoo. Ulisema, "Miraji kaniambia lori limezama. Panda, kaka."

Nilisema, "Mbele ya watu wote hawa?"

Ukasema, "Kama unataka tusubiri waondoke, wanaishi hapa."

Nilipanda. Sina la kusema juu ya kiti cha nyuma, ila kwamba hakipo. Kile ni chuma na gunia. Nilikushika koti kwa kuwa hapakuwa na kingine cha kushika. Na wewe ulikuwa unajua kila shimo la barabara ile, Mwamvua, kwa majina. Mtu aliyeifuta tu pikipiki hawezi kujua hivyo.

Mara ya mwisho kukaa nyuma ya ile pikipiki nilikuwa napelekwa jandoni. Baba aliimba njia nzima, kwa sauti ya juu kupita injini, ili nisifikirie ninakokwenda. Sikuwa nimelikumbuka hilo miaka mingi. Sijui kwa nini tulipokuwa tunapanda ule mlima wa mchanga kabla ya Bungu, injini inahema, wewe ukainama na kuanza kuiambia "haya mama, haya mama", nilisikia mgongo wa baba mbele yangu, na harufu yake ya tumbaku na mafuta. Tukasimama ipoe. Ukanionyesha vile vipande vya chuma vinavyoishika injini, na lile tundu lililokosewa. Niliweka kidole humo. Linaingia kidole changu sawasawa. Alitoboa kwa kitu gani, kwa msumari wa moto? Ni siku ngapi? Na alipogundua amekosea, alikaa kimya au alitukana? Nilitaka kumuuliza.

Vumbi liliniingia machoni, ndiyo maana sikuzungumza mpaka Kibiti.

Spana sikuzitoa kwenye mfuko, uliona. Hukusema kitu, nami nakushukuru kwa hilo kuliko chakula.

Nilivyorudi nilimpelekea Bwana Barafu mashine yake. Ilikuwa imeliwa meno ya ndani na mchanga. Ameitengeneza, imepona, inazunguka tena na mtu mwingine. Nikamwambia, "Ile injini haitoki."

Akasema, "Lakini Bushiri, fremu si yake."

Nikamwambia, "Imeishi humo zaidi ya miaka arobaini. Wewe una miezi michache hapa Salale, na jana nimekusikia unasema 'kwetu'."

Alifikiri, akacheka. Ni mtu muungwana. Ameomba akipita Kibiti umruhusu aiendeshe tena hadi njia panda. Nimemwambia ruhusa aombe kwako.

Zawadi hakulalamika juu ya mashine. Alisema tu, "Tumerudi kwenye makasia." Halafu akasema, "Lakini makasia yetu." Sikulala vizuri, nisikufiche. Siku akishikwa na homa tena nitaikumbuka ile mashine, nitakulaumu wewe, na baba, na yule kiboko wa Utete.

Kuhusu Bwana Shauri, nimewaeleza watu wa hapa kwamba alitoa rangi tu. Hawakupendezwa. Wanapendelea la sanduku, na wameniomba nisiliharibu.

Ninachokuagiza sasa, kama mkubwa wako, ni kitu kimoja: ufanye utaratibu wa leseni, maana ukikamatwa nitaulizwa mimi. Na kile kiti cha nyuma ukishonee kitu. Sisemi kwa ajili yangu.

Kaka yako,
Bushiri


Kibiti, 29 Agosti 1993

Kaka yangu Bushiri,

Shikamoo sana. Dawa imefika, kifua cha Shangazi kimetulia, na kwa hiyo yeye hajatulia. Mpe wifi salamu, na mwambie nakuja Nyamisati mwezi ujao. Akivuka mpaka hapo nitampeleka hospitali akaangaliwe ule mguu, asingoje homa. Njiani hatateseka. Nimeshona mto wa kiti kwa kipande cha koti, manyoya juu.

Kaka, hapakuwa na vumbi. Mvua ilikuwa imenyesha usiku kucha, tulikuwa na matope hadi kwenye nyusi. Lakini tuliandike vumbi.

Kwa kuwa umesema hutauliza, nitakujibu. Nilianza siku ile ile niliyoandika kwamba nimeifuta. Niliiwasha nione kama inawaka. Halafu nikaipanda nione kama inabeba. Halafu nikafika Bungu nione kama inarudi. Mume wangu alipokufa nilizoea kwamba mambo yangu yote yako hatua chache kutoka kwenye cherehani: soko, kisima, msikiti, makaburi. Asubuhi ile ya kwanza nilipopita kibao cha mwisho cha Kibiti, nilipiga kelele, kaka, mimi na umri wangu huu, na hakuna aliyenisikia kwa sababu injini inaongea zaidi yangu. Ndiyo hayo. Mke wa mwalimu wa madrasa alinilaumu Jumatatu. Alhamisi akaomba nimpeleke mtoto kliniki.

Leseni nimeifuatilia, na swali la aina ya chombo chenyewe nalo limekuja lenyewe. Juzi askari wa barabarani alinisimamisha penye njia panda. Kijana mgeni, anaongea Kiswahili cha bara, viatu vinang'aa. Akaizunguka pikipiki mara nyingi, akainama, akasimama, akavua kofia.

"Mama, hii ni pikipiki aina gani?"

Nilifungua mdomo kusema BSA, kama tulivyosema siku zote. Nikaangalia lile tangi la Triumph, na ile Norton mbele, na ile Ariel nyuma, nikaona nitakuwa nampunja mtu.

"Ni Mshamu," nikasema.

"Mshamu." Akalionja neno. "Ni ya Japani?"

"Hapana, baba. Ni ya hapa hapa Kibiti."

Alitazama huku na huku, kwenye vibanda vya mihogo na mabanda ya mitumba, kama anayetafuta bomba la kiwanda. Nikaiwasha. Ikaanza kuguruma kwa ule mlio wake wa kutokuwa na haraka, na yule kijana akaweka kiganja kwenye tangi kusikia inavyotetemeka, akatabasamu, akasahau kwamba amenikamata.

"Mimi nazipenda sana pikipiki," akasema. "Hizi Mshamu zinapatikana wapi?"

Nikamwambia hazipatikani. Walitoa moja tu, halafu fundi akafariki.

"Pole," akasema, akanipisha njia.

Mdogo wako,
Mwamvua Mshamu